Bendi ya binti yangu inafunikwa na spika za uwanja: kosa ni la nani, na masikio yake je?

*"Habari mtaalamu. Naishi Marekani na familia yangu. Binti yangu yuko mwaka wa pili chuo kikuu na anapiga susafoni, lile bomba kubwa la kuvaa begani, kwenye bendi ya gwaride ya chuo. Wanafanya mazoezi karibu kila siku, jua liwake, mvua inyeshe. Jumamosi tulikwenda kumtazama kwenye mechi ya futiboli ya Kimarekani. Kila bendi ikiinua vyombo, spika za uwanja zinafyatuka na muziki wa kurekodiwa, rapu na ule wa klabu, kwa sauti ya kupasua kifua. Tuliwasikia vizuri wakati wa mapumziko tu. Nilimwona mwanangu akishusha chombo katikati ya wimbo mara kadhaa, roho ikaniuma. Mume wangu anasema chuo kinaiua bendi polepole kwa sababu muziki wa kurekodiwa ni wa bure. Mwanangu wa kiume anasema dawa ni kuiwekea bendi maiki. Mimi nauliza, hakuna sheria ya kuzuia jambo hili? Tena usiku akirudi anasema masikio yanamlia mpaka asubuhi. Nimwambie aache?"*

Dada yangu, umeuliza mambo mengi kwa pamoja. Nitaanza na ulilolitaja mwisho, kwa sababu hilo halisubiri.

Masikio yanayolia mpaka asubuhi yanasema kwamba yamepokea zaidi ya uwezo wake. Ndani kabisa ya sikio mna chembe hai zenye vinyweleo vidogo mno vinavyopokea mtikisiko wa sauti na kuugeuza kuwa ishara zinazokwenda kwenye ubongo. Sauti kubwa ya muda mrefu huzichosha. Zikipumzishwa, nyingi hurudi kazini baada ya saa kadhaa au siku moja. Zikichoshwa tena kabla hazijapona, Jumamosi hadi Jumamosi, baadhi hufa, na kwa binadamu chembe hizo zikifa hazioti tena. Vijana wa bendi hupenda kuambiana kwamba masikio yanazoea. Hayazoei. Anayeona sauti haimsumbui tena kama zamani huenda ameshaanza kupoteza usikivu.

Vipimo viko wazi. NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, inashauri mtu asikae kwenye sauti ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, na zikifika 100 ni robo saa. Mechi moja ya futiboli ya vyuo hupita saa 3, na bendi huwahi kufika na huchelewa kuondoka. Taasisi hiyo ina programu ya simu ya kupimia sauti, ni ya bure, inafanya kazi kwenye iPhone. Mwambie aiwashe mazoezini na kwenye mechi, aandike anachokiona.

Nimesema mazoezini kwa makusudi, na hapa nikusahihishe kidogo. Usizibebeshe spika za uwanja mzigo wote. Hata zikizimwa kabisa, mtu aliyekaa katikati ya bendi ana tarumbeta nyuma ya kichwa chake na ngoma ubavuni, na hayo ni mambo ya kila jioni, wakati mechi za nyumbani ni chache tu kwa msimu mzima. Ukijumlisha sauti anayoipokea kwa wiki, sehemu kubwa yawezekana inatoka kwa wenzake anaowapenda.

Kwa hiyo vizibo vya masikio viwe vya mechi na vya mazoezi pia. Vile vya sponji vya bei rahisi vinalinda, lakini vinakata sauti za juu kuliko za chini, muziki unasikika kama uko nyuma ya ukuta, na kijana anavitoa baada ya dakika 5. Atafute vizibo vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti zote kwa uwiano unaokaribiana. Kwa mpiga bomba kubwa kuna kero nyingine ambayo wauzaji hawaisemi: masikio yakizibwa, mtetemo wa midomo yake mwenyewe unapita kwenye mifupa ya fuvu na kumvumia kichwani, asisikie kingine. Vizibo vilivyotengenezwa kwa umbo la sikio lake na kuingia ndani zaidi hupunguza uvumi huo. Hivyo vinatengenezwa na mtaalamu wa usikivu baada ya kuchukua umbo la sikio.

Na huyo mtaalamu anapaswa kumwona hata kama vizibo hahitaji. Apimwe usikivu mwaka huu, karatasi ya majibu aitunze, kisha apimwe tena mwakani. Uharibifu wa kelele mara nyingi huanza kuonekana kwenye sauti nyembamba, masafa ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 3,000 hadi 6,000, mahali ambapo mtu mwenyewe bado hajagundua lolote kwenye mazungumzo ya kawaida, lakini kipimo kinauona. Aanzie kituo cha afya cha chuo, wao watamwelekeza. Mlio ukizidi siku mbili bila kupungua, au ukiwa upande mmoja tu, au ukija na kizunguzungu, maumivu au usaha, asingoje miadi ya mwezi ujao. Siku akiamka sikio moja limezimika ghafla, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo: matibabu yake yana nafasi kubwa zaidi yakianza mapema, na wengi huipoteza nafasi hiyo wakidhani ni nta.

Kuhusu kuacha, mimi sisemi aache. Majibu ya kipimo yakionyesha usikivu umeanza kushuka, hapo kaeni na daktari mzungumze upya. Kwa sasa alinde masikio na aendelee kupiga.

Sasa tuje kwenye spika. Kazi yangu ni kufunga na kupima mitambo ya sauti viwanjani, na swali lako nimelisikia kwa wazazi, kwa wakurugenzi wa bendi, hata kwa mafundi mitambo wenyewe. Wengi wanaamini bendi ikishindwa kusikika ni kwa sababu haipigi vya kutosha, au watu ni wachache, au kuna mtu anaichukia. Hesabu ya sauti inasema vingine.

Chukua bendi ya watu 125. Waongezee wengine 125 wenye nguvu zilezile. Sauti itapanda desibeli 3, tofauti ambayo mtu aliyekaa jukwaani ataitambua, lakini haitamshtua. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu inahitajika nyongeza ya desibeli 10 hivi, na desibeli 10 maana yake ni wapigaji mara 10. Bendi ya watu 250 ingehitaji watu 2,500. Fundi aliye kwenye chumba cha kioo juu ya majukwaa anapata desibeli hizohizo 10 kwa kusukuma kitelezi kimoja kwa kidole. Ndiyo maana nasema mashindano ya sauti kati ya mapafu na amplifaya hayana maana kuyaingia. Yameisha kabla hayajaanza.

Kuna na umbali. Nje, mahali pasipo na paa wala kuta za kurudisha sauti, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kama desibeli 6. Bendi hukalishwa kwenye kipande kimoja cha jukwaa, mara nyingi pembeni. Aliye mita 10 kutoka kwao akihamia mita 80 amepoteza desibeli 18 hivi, na njiani upepo umechukua chake na miili ya watazamaji imenyonya yake. Viwanja vyenyewe ni vikubwa kupindukia. Ule wa Michigan, mjini Ann Arbor, unachukua watu zaidi ya 107,000. Hakuna bendi duniani inayoweza kuufikia upande wa pili wa uwanja kama huo kwa nguvu ileile iliyoanza nayo. Spika, kwa upande wake, zimepangwa kwa hesabu ili kila kiti kipate chake, na pale ambapo mnara mmoja haufiki hufungwa nyingine.

Lakini kinachomuumiza binti yako hasa ni chombo alichokichagua. Susafoni huishi kwenye masafa ya chini, na hapohapo ndipo yanapoishi besi ya rapu na ule mdundo wa muziki wa klabu. Uwanja wa kisasa una spika maalumu za besi, na besi haina upande, inazunguka na kuingia kila mahali. Sauti mbili zikigombea masafa yaleyale, kubwa humeza ndogo na sikio halina namna ya kuzitenganisha. Besi nzito pia huzifunika sauti zilizo juu yake, kwa hiyo hata tarumbeta na klarineti zinafifia. Ongeza na ukweli kwamba muziki wa kurekodiwa wa siku hizi umekwisha kubanwa studio: sehemu zake za chini zimeinuliwa zikakaribia za juu, hauna mahali pa kupumua. Bendi hai inapanda na kushuka. Kila inaposhuka, wimbo wa spika unaziba pengo.

Mpigaji aliyefunikwa hufanya nini? Hupuliza zaidi, bila hata kuamua. Akipuliza kupita kiasi sauti inapasuka, tyuni inapotea, midomo inachoka robo ya pili ya mechi na robo mbili zimebaki, na kila jirani yake naye anaongeza. Mkurugenzi mzuri anaikataza tabia hiyo. Nadhani ulipomwona binti akishusha chombo hakuwa amekata tamaa. Wimbo wa spika ulipoanza, mkurugenzi aliwakata kwa mkono ili wasiumie bure, na vijana wakatii. Muulize, uone kama sivyo.

Kijana wako amependekeza maiki. Ni wazo la maana, na viwanja kadhaa vinafanya hivyo wakati wa mapumziko, lakini alijue tatizo lake. Sauti hutembea mita 343 kwa sekunde. Uwanja wa mchezo, ukijumlisha maeneo ya mwisho ya pande zote mbili, una urefu wa karibu mita 110. Spika kubwa zikiwa juu ya ubao wa matokeo upande mmoja na bendi ikiwa upande wa pili, bendi itajisikia yenyewe ikirudi baada ya theluthi moja ya sekunde. Kwenye wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde. Kwa hiyo kile wanachokisikia kiko nyuma yao kwa zaidi ya nusu ya pigo. Masikio yanavutwa nyuma, mwendo unalegea, nusu ya bendi inafuata fimbo ya kiongozi na nusu inafuata spika. Juu ya hayo maiki haichagui: inachukua susafoni, inachukua kelele za watu, inachukua na spika zenyewe, na fundi akizidisha kidogo tu mtambo unapiga mluzi. Maiki zinafaa zikitumika kwa kiasi, zikipelekwa kwenye spika za majukwaa ya mbali tu na zikizimwa kwenye spika zilizo juu ya bendi. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua anachofanya, na haiondoi tatizo lenu, kwa sababu maiki haiwezi kusaidia kitu pale spika hizohizo zinapopiga wimbo mwingine.

Mume wako anasema muziki wa kurekodiwa ni wa bure. Hapana, si wa bure, ingawa anakaribia jambo la kweli. Chuo kinalipia leseni za jumla kwa mashirika yanayokusanya haki za watunzi, kama ASCAP lililoanzishwa mwaka 1914 na BMI lililofuata mwaka 1939. Leseni hiyo inamlipa mtunzi na mchapishaji wake. Aliyeimba kwenye rekodi, kwa sheria ya Marekani, halipwi chochote rekodi yake inapopigwa uwanjani, na hilo mimi naliona ni uonevu mkubwa kwa wanamuziki. Bendi nayo ikipiga wimbo wenye hakimiliki inaingia kwenye leseni ileile, na ikitaka kuupanga upya kwa ajili ya vyombo vyake inahitaji ruhusa ya ziada. Kwa hiyo ndiyo, kubonyeza kitufe ni rahisi kuliko kuandaa wimbo mpya wa bendi. Ila chuo hakiokoi fedha kwa kuifunika bendi. Sare zimekwisha kununuliwa, mabasi yamekwisha kulipiwa, vijana wako pale. Gharama iko palepale, wapige wasipige.

Sababu za kweli ni nyingine. Futiboli ya Kimarekani ni mchezo wa kusimama na kuanza. Shambulizi moja la kusogeza mpira linaisha baada ya sekunde chache, kisha wana sekunde 40 za kujipanga, kisha lingine. Katikati yake kuna mapumziko ya matangazo ya televisheni. Hizo nafasi zote zamani zilikuwa za bendi. Zilipokuja skrini kubwa na mitambo ya nguvu, nafasi hizo zikapata thamani: mdhamini anataka tangazo lake, kocha anataka muziki ambao wachezaji wake wanausikiliza vyumbani, na anataka kijana wa sekondari anayeshawishiwa kujiunga na timu auone uwanja umechemka. Wanafunzi wenyewe wengi wanaupenda. Tusiwasingizie kwamba wanalazimishwa.

Halafu kuna jambo la kiutawala ambalo wazazi hawalijui. Katika vyuo vingi bendi iko chini ya idara ya muziki, na kitufe cha spika kiko chini ya idara ya michezo. Mabosi wawili, bajeti mbili, majengo mawili. Yule kijana wa chumba cha kioo ana karatasi ya ratiba ya mechi, dakika kwa dakika, na kama kwenye karatasi hiyo bendi imeandikwa mara mbili tu, mara mbili ndizo atakazoiachia. Hana ubaya na mtu. Anafuata karatasi.

Kuhusu sheria, ipo, lakini haimlindi binti yako. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinakataza kelele za bendi au za mitambo zinazozuia timu kusikia maelekezo yake wakati wa mchezo, na adhabu inaweza kuwa timu kupoteza yadi 15 za uwanja. Ligi nazo zina taratibu zake. SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki, ililegeza zake mwaka 2014: muziki unaruhusiwa hadi mchezaji wa kati anaposimama juu ya mpira kuuanzisha. Utaona kwamba kanuni hizi zinaitazama timu pinzani. Bendi na spika zimewekwa kapu moja, zote ni kelele. Refa hawezi kukusaidia, na ukimpelekea mtu barua ukitaja kanuni hiyo atakujibu kwa heshima kwamba haikuhusu.

Hata hivyo sikubali kwamba spika na bendi lazima ziuane. Tazama uwanja wa Camp Randall, Madison, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Tangu mwaka 1998, kati ya robo ya tatu na ya nne, hupigwa wimbo wa rapu wa "Jump Around" kwenye spika na maelfu ya wanafunzi huruka mpaka majukwaa yanatikisika. Mwaka 2003, ukarabati wa uwanja ukiendelea, wakuu waliusimamisha kwa hofu ya usalama wa jengo, wanafunzi wakapinga, wahandisi wakathibitisha jengo ni imara, ukarudishwa. Ni rekodi tupu, na ni mila ya watu kweli. Lakini katika uwanja huohuo, mechi ikiisha, watu hubaki kuitazama bendi katika kile wanachokiita robo ya tano. Rekodi ina wakati wake unaojulikana, bendi ina wakati wake unaojulikana, na hakuna anayemwingilia mwenzake.

Na mila nyingine zimeanzia kwenye bendi kabisa. Mwaka 1965 bendi ya Ohio State ilichukua wimbo uliokuwa ukivuma redioni, "Hang On Sloopy", ikaupanga kwa vyombo vya shaba na ngoma. Watu wakaupokea, na miaka 20 baadaye bunge la jimbo likaupitisha kuwa wimbo rasmi wa roki wa Ohio. Nenda pia kwenye vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi: Florida A&M, Southern, Jackson State, Grambling. Huko wako watu wanaokata tiketi kwa ajili ya bendi, mechi ikiwa nyongeza. Bendi ya Florida A&M ilialikwa Paris mwaka 1989 kuiwakilisha Marekani kwenye gwaride la miaka 200 ya mapinduzi ya Ufaransa. Inacheza nyimbo za redioni za wiki hiyo, inazipiga kwa namna ambayo rekodi haiwezi. Kama binti yako hajawahi kusikia bendi hizo zikijibizana jukwaani, mpelekeni.

Kinachofanya kazi, kwa hiyo, ni kugawana muda. Kwenye harusi zetu, matarumbeta wakitokeza mlangoni na maharusi, DJ anayejua kazi yake huishusha sauti yake taratibu na kuwaachia ukumbi, kisha wakikaa anaendelea. Uwanjani inahitaji kuandikwa, kwa sababu watu ni wengi na hawaonani. Nimeona makubaliano ya namna hii yakibadilisha mechi nzima: matangazo ya televisheni ni ya spika, nafasi fulani kati ya shambulizi na shambulizi ni za bendi, timu ikifunga ni wimbo wa chuo kutoka kwa bendi na hakuna kitu kingine mpaka umalizike. Mkurugenzi wa bendi apewe redio ya mawasiliano ya moja kwa moja na chumba cha sauti, aweze kusema tunaanza sasa. Spika zilizo juu kabisa ya bendi zizimwe au zishushwe, jambo ambalo kwenye mitambo ya kisasa ni dakika chache za kazi, na ambalo litayasaidia masikio ya vijana kuliko chochote kingine uwanjani.

Gharama ya haya yote ni ndogo. Kikwazo ni mazoea. Naomba msidai rekodi zipigwe marufuku: mtawapoteza wanafunzi wenyewe, na bila wao hamna nguvu. Msidai pia bendi iongezewe sauti. Ombeni dakika.

Na wewe, dada, kaa nyuma kidogo. Najua kwetu mzazi akiguswa huenda shuleni mwenyewe. Huku, akishaingia chuo, chuo kinazungumza na yeye, na sheria ya faragha ya wanafunzi imempa yeye haki ambazo ulikuwa nazo wewe. Barua ya mama itawekwa pembeni kwa adabu. Ombi la viongozi wa bendi waliochaguliwa na wenzao, likipitia kwa mkurugenzi wao, linaingia kwenye kikao. Likiambatana na vipimo vya sauti walivyovichukua wao wenyewe, na orodha ya nafasi walizokatwa katika mechi moja, lina uzito zaidi. Hapo ndipo msaada wako unapofaa: lipia vizibo, mpeleke kwa mtaalamu wa usikivu, keti naye aandike vizuri.

Wachague wakati. Oktoba, mechi zikiwa zimepamba moto, hakuna mtu wa idara ya michezo mwenye nafasi ya kubadilisha karatasi. Msimu huanza mwishoni mwa Agosti, na ratiba za mechi hupangwa katika miezi ya kabla yake. Waombe kikao muhula wa pili, kati ya Februari na Aprili, fundi mitambo awepo pamoja na mkurugenzi wa bendi, na waombe mechi moja tu ya majaribio mwanzoni mwa msimu ujao.